Ikifika Thelathini, Aga

Kavira mwanangu,

Ukisoma haya utakuwa umeshafika kwa Shangazi Kahindo, ng'ambo ya mpaka wa Mokambo, na utakuwa umeifungua mashini hii, kompyuta yetu, bila mimi kwa mara ya kwanza. Utakuta uso wake mtupu kama siku zote, ile rangi ya kijivu tu, na faili moja katikati. Nimeipa jina lako ili usiipite.

Sasa hivi bado ni mchana. Uko kwa Mama Bijou, nyuma ya ukuta wetu wa tofali, unasukwa nywele za safari. Nakusikia ukilalamika kwamba anavuta sana, na yeye nasikia anavyokujibu: "Tulia, we mutoto! Ukilia hivi kule Zambia, batazani tumebatumia mbuzi!" Umecheka. Nimefurahi kwamba umecheka, kwa sababu tangu jana ulikuwa huongei, na katika nyumba hii asiyeongea ni mimi. Wewe ukinyamaza pia, hakuna tena mtu.

Unajua kwamba mdomo wangu haufiki mbali. Kesho asubuhi gari la Shangazi likipiga honi nitakushikia begi, nitakufunga vizuri kola ya koti, nitasema "Haya," na basi. Kwa hiyo naandika, tena naandika kwa mashini hii hii utakayoibeba, ili maneno yasafiri nayo.

Mambo ya kuoga, ya kupiga magoti ukisalimia wakubwa, ya kutomaliza sukari ya watu, sitayaandika. Shangazi atakuambia mwenyewe, tena kwa sauti.

Nakuita mwanangu, na pengine siku moja watoto wa kule watakuuliza kwa nini dada mkubwa, yaya wako, anakuita hivyo. Ulikuwa na miaka minne, huwezi kukumbuka. Siku ya kumaliza kilio cha Mama, wamama wa ukoo waliniita katikati ya uwanja. Walinifunga kikwembe cha Mama, kile kitenge cha majani ya kijani, na kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na miwili tu kilinizunguka mara mbili na bado kikaburuta chini. Wakanikalisha kwenye mkeka, wakakuweka mapajani pangu. Mkubwa wao akasema, "Masika, huyu sasa njo mutoto yako." Hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Wewe ulikuwa na kipande cha muhogo mdomoni, ukanipakaa shingoni, ukalala. Mguu wangu ulikufa ganzi lakini sikukusogeza, niliogopa kwamba ukiamka ukalia watasema nimeshindwa kabla ya kuanza.

Tangu siku hiyo ndiyo nimekuwa hivyo. Hata kwenye mkutano wa wazazi shuleni nilikuja na yunifomu yangu ya shule hiyo hiyo, na mwalimu wako akatazama nyuma yangu, akauliza, "Muzazi iko wapi?" Nikasema, "Njo mimi," lakini kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Wewe ukasimama juu ya benchi ukapiga kelele mbele ya darasa zima: "Njo mama yangu huyu, lakini hasemaka!" Wote wakacheka. Nilitamani sakafu inifungukie. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na Mama Bijou ameuliza kutoka kule ng'ambo ya ukuta kama nina mgeni.

Chini kwenye ule upau, mkono wa kulia, karibu na saa, kuna kile kinguzo chembamba cha betri. Unakijua, lakini leo nataka kukuambia namna kilivyofika pale. Sasa hivi ni cha njano na kinasema themanini na nne. Jana nilikwenda kuijaza mashini kwa Papa Kalala, fundi wetu, kwenye sola yake, na sasa naandika huku inaliwa. Nitaacha iliwe mpaka mahali fulani, halafu nitasimama.

Mashini hii ilikuwa ya Baba, ya kuandikia hati za mizigo kwenye depo. Depo ilipofungwa, barabara za kwenda mashariki zilipokatwa kwa vita, malori ya maharage na viazi yakaacha kushuka kutoka Kivu, alituachia ili niandikie watu barua na matangazo ya misiba na ya ndoa. Halafu akapanda mwenyewe kule juu kwenda kuokoa mzigo wake wa mwisho. Alisema, "Naenda, narudi." Alikuwa amevaa viatu vya wazi, kama mtu anayekwenda sokoni.

Wakati ule mashini ilikuwa imezeeka chini ya ule mfumo wake wa zamani. Ukiifungua, ulikuwa unaweza kuwasha jiko la mbabula, kupuliza makaa mpaka yashike na kubandika maji kabla haijakuonyesha kitu. Ndiyo nikaitoa hapa kwetu Kasungami, nikaipeleka mtaa wa Makomeno kwa Papa Kalala, kwenye ile baraza yake iliyojaa mashini zilizopasuliwa matumbo. Wewe unampenda. Mimi nilikuwa namwogopa, kwa sababu anaongea na kila mtu kwa nguvu, na watu hukaa pale kwenye viti vya plastiki si kwa kutengeneza kitu, ila kwa kumsikiliza.

"Karibu, Kimya!" aliniambia. Tangu siku ya kwanza hajawahi kuniita Masika. "Leo umekuya na mudomo, ao umeiacha ku Kasungami?"

Watu wakacheka. Nikamnyooshea mashini.

"Iko na shida gani?"

"Inachelewa."

"Inachelewa! Iko muzee, umeivalisha makoti saba, halafu unasema inachelewa. Weye ukivaa makoti saba utakimbia?"

Akautoa ule mfumo mzito, akaweka huu mwepesi. Aliponirudishia ilifunguka mara moja, nikashtuka. Hakukuwa na picha, hakukuwa na muziki wa kufungulia, ila rangi hii ya kijivu na upau chini. "Hii haina mapambo, haina kelele," akasema. "Iko sawa weye." Wakacheka tena. Halafu akaniangalia vizuri, bila mzaha, akauliza, "Unataka kuuliza kitu?"

Nilitaka. Zamani pale pembeni kulikuwa na alama ya betri, na sasa sikuiona. Swali lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Lakini kijana mmoja alikuwa bado anacheka lile neno la makoti, na mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na redio yake. Nikasema, "Hapana, papa. Aksanti." Nikaifunga kwenye kikwembe, nikarudi kwa miguu mpaka nyumbani.

Basi tukaishi na mashini isiyosema imebakiwa na nini. Nilijifunza kukisia. Nilikuwa nashika tumbo lake kusikia joto, nilikuwa natazama kama uso wake unafifia. Ilipokuwa kazi ya matangazo ya ndoa, haikuwa hatari. Ikizimika nilisubiri umeme, nikaanza upya. Kisha ule mji alikokwenda Baba kule juu ukabadilisha wenyewe, ukashikwa na watu wa bunduki. Simu za kawaida zikafa. Kila jioni nilipiga namba yake kwa simu yangu ndogo, na yule mwanamke wa sauti ya mtandao alinijibu kwa upole kwamba haipatikani, mpaka nikaanza kumchukia. Ilipita muda mrefu, na siku moja Shangazi akapata habari: kule kuna mfanyabiashara mwenye sahani ya intaneti juu ya paa, watu wanapanga foleni kwake, na Baba yuko katika foleni hiyo. Hapo mashini hii ikawa si ya matangazo tena. Ikawa mlango wake.

Ile siku unaikumbuka kwa upande wako. Mimi nataka kukuambia kwa upande wangu.

Ilikuwa baada ya mvua. Kasungami nzima ilipiga kelele, "Courant imerudia! Courant!" na watoto wakakimbia barabarani kama kawaida. Taa yetu iliwaka, lakini kwa ile rangi ya kaa la mbabula linalotaka kufa, kama umeme unavyokuja siku hizi, umechoka njia nzima. Nikachomeka chaja. Kitaa chake kikawaka. Na mimi nikaamini. Kila mtu hapa angeamini: umeme umerudi, chaja imewaka, basi mashini inakula. Nikachomeka na modemu, na haikupita muda Baba akaita.

Uliruka mapajani kwangu, ukasukuma uso mpaka akaona pua tu. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota bila mpango. Lakini sauti ilikuwa yake. "Banangu! Muko namna gani?" Na tukaanza kusalimiana kama tunavyosalimianaga sisi, bila kuruka mtu. Mama Bijou yuko namna gani. Mchungaji yuko namna gani. Mguu wa mchungaji je? Mabati ya chumba cha nyuma, hayajavuja? Jirani wa upande wa mto, hajasogeza mpaka? Ukamwonyesha pengo la jino. Akaomba uonyeshe tena. Halafu akauliza, "Na yule kuku wangu mweupe, bado iko?" na wewe ukapiga kelele, "Iko! Ngoja nikuletee!" ukaruka, ukatoka mbio nje.

Ulipotoka, uso wake ukabadilika. Alisogea karibu na kioo. Nyuma yake niliona mtu akimgusa bega kwamba wengine wanasubiri. Akasema polepole, "Masika, sikiliza muzuri. Mwambie Kavira..."

Na kioo kikawa cheusi.

Ulirudi umemkumbatia kuku, miguu yako yote matope, ukamwinua juu mbele ya kioo. "Baba, angalia!" ukasema. Ulimwinua vile kwa muda, kuku akipiga mabawa, ukanigeukia. "Yaya, Baba iko wapi?"

Juu yetu taa ilikuwa bado inawaka nyekundu, na kitaa cha chaja bado kinawaka.

Tulipofanikiwa kuifungua tena, umeme ulikuwa umerudi kwa nguvu kidogo, lakini kule hakuna aliyejibu. Kesho yake pia. Baadaye Shangazi akasikia kwamba ile sahani ya juu ya paa imeteremshwa. Kama wameichukua, au mwenyewe ameificha, hatujui. Tangu siku hiyo hatujasikia kitu. Unajua hayo. Unajua pia namna nilivyokaa siku zile, nimegeukia ukuta, na wewe ukaja na mchezo wako ili kunigeuza.

"Yaya, nimejua. Alitaka kusema: mwambie Kavira asiogeshwe na maji baridi."

Sikucheka.

"Hapana, hapana. Mwambie Kavira anunuliwe kinga. Ya rangi ya bluu."

Kinga, baiskeli, hapa Kasungami yenye mashimo haya! Nikacheka kidogo. Ukaona, ukaendelea siku hiyo yote na siku zote zilizofuata. Mwambie Kavira asilazimishwe kula majani ya sombe. Mwambie Kavira shule iko likizo mpaka nirudi. Na jioni moja, wakati unga ulikuwa umekwisha na mimi nilikuwa natazama kuku, ukasema bila kucheka: "Mwambie Kavira yule kuku asichinjwe." Sikumchinja. Mpaka leo yuko, anatembea hapa mlangoni kama mwenye nyumba.

Kinasema sitini na moja. Mama Bijou amefika nyuma ya kichwa chako, nasikia kwa namna unavyopiga kelele.

Kile kinguzo nilikipata kwa bahati. Ilikuwa kama wiki kadhaa baada ya siku ile. Nilikuwa naandika tangazo la msiba la watu wa kanisani, kidole changu kikateleza, kikabonyeza upande wa kulia juu ya upau, na orodha ndogo ikafunguka. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya kuongeza vitu. Nikaingia. Saa, kalenda, sauti, na hapo chini kabisa: kifuatilia betri. Kilikuwa humo siku zote. Mfumo mwepesi hauweki kitu mpaka ukiombe, ndiyo maana ni mwepesi, na mimi nilikuwa sijaomba.

Nilikibonyeza na kinguzo kikasimama pale kilipo sasa. Niligundua tabia yake kwa kukaa nacho. Mashini ikiwa inakula, ni kijani na kinapanda. Ikiwa inaliwa, ni njano na kinashuka. Basi nikasubiri siku umeme uje ule uliochoka, taa iwe nyekundu vile vile. Ulikuja. Nikachomeka chaja. Kitaa kikawaka vizuri kabisa. Na kinguzo kikabaki njano, na kikaendelea kushuka mbele ya macho yangu.

Nilikaa nikakitazama mpaka mashini ikazimika. Wewe ulikuwa shuleni. Sikulia, usidhani hivyo. Nilikuwa tu nawaza kwamba kama kingekuwa pale siku ile, ningemwambia Baba, "Baba, harakisha, salamu baadaye." Angesema, na leo tungejua.

Nilipata kujua kitu kingine. Betri hii imezeeka na inadanganya. Haishuki mpaka sifuri kama inavyotakiwa. Inashuka vizuri, vizuri, halafu ikifika kama ishirini na mbili, inaanguka mara moja, giza. Kwa hiyo chini ya thelathini usiiamini tena. Hayo ni maarifa yangu yote makubwa, mwanangu, na nimeyapata peke yangu kwa kuizimisha mara nyingi makusudi, wakati wenzangu niliomaliza nao shule wanapiga picha na vyeti vyao.

Lakini kuna jambo moja sikulipata peke yangu. Nilitaka mashini inionye, kwa sababu huwezi kumtazama Baba na kutazama kinguzo kwa wakati mmoja. Sikujua namna ya kufanya. Nikarudi Makomeno. Baraza ilikuwa imejaa. Nikapita katikati ya viti vya plastiki, nikasema, na safari hii nilijisikia: "Papa Kalala, niko na ulizo."

Alivua miwani. "Eh! Kimya anasema! Mumuletee kiti! Mumuletee na maji!"

Watu walicheka sana, na yule kijana wa mara ya kwanza akapiga makofi. Nikangoja wamalize. Nikauliza. Akanionyesha mahali pa kuweka: ikifika kiwango fulani, ifungue kidirisha chenye maneno unayotaka mwenyewe. Ilikuwa kazi ndogo sana. Halafu akauliza taratibu, "Na ile siku, ju ya nini hukuniuliza batri inaonekana wapi? Nilikuuliza kama uko na ulizo."

"Kulikuwa bantu," nikasema.

"Bantu," akasema. "Bale bantu balikuya na mashini yabo. Hakuna hata mumoja aliyekuya kuangalia yako."

Nimekuwa nikiyafikiria maneno yale kuliko mengi ya shuleni. Sikuambii usiwe na haya, kwa sababu wewe huna, na mimi bado ninazo. Nakuambia tu kwamba nilirudi nyumbani siku hiyo na masikio yangu yalikuwa moto kwa aibu, na mashini ilikuwa inajua kuonya.

Sasa niseme juu ya kesho.

Shangazi alipokuja wiki iliyopita na mizigo yake ya kutoka Mokambo, alikaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, akatazama chungu, akatazama mikono yako, akaniambia bila kuzunguka: "Masika, nitabeba mumoja. Nafasi iko ya mumoja, mu gari na mu nyumba. Musinitazame hivyo. Muko bantu ao muko sanamu?" Kisha akafuta jicho kwa ncha ya kikwembe, akajidai ni moshi. Mbabula ilikuwa imezimika.

Sikufikiri muda mrefu, ijapokuwa ulidhani nilifikiri. Kule kuna shule ambayo bado inafungua milango, na Shangazi ana sola juu ya paa lake. Hapa vijana wanachoma matairi kwenye njia kuu na kila asubuhi bei ya unga ina sura nyingine. Na nyumba hii haiwezi kuachwa. Unaona ile ya jirani zetu kina Gloire, waliondoka, na kabla mwezi haujaisha kulikuwa na watu wasiojulikana ndani, wamefunga na mlango mpya. Baba aliijenga hii tofali kwa tofali. Ndiyo anwani pekee anayoijua.

Swali lako la kwanza lilikuwa la mashini. "Na mashini itabaki na nani?"

Nilisema itakwenda na wewe. Ukasema, "Na Baba akipiga, utamwonaje?" Nikakuambia tutapanga. Hatujapanga kitu, Kavira. Hiki ndicho nilichopanga mwenyewe: Baba akipiga, atakupata wewe, kwa sababu kwako betri itakula kijani. Akija kwa miguu, atanikuta mimi, kwa sababu mlango utakuwa wazi na mtu wake ndani. Tumemgawana. Mimi nitakaa kwenye njia ya miguu na wewe utakaa kwenye njia ya sauti, na atapita kwa mmoja wetu.

Halafu ukauliza, "Na weye utaongea na nani?"

"Na kuku," nikasema. Hukucheka.

Sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi. Juzi ulipolala kwa Mama Bijou kusaidia na mtoto wake, nilijaribu kupika bukari ya mtu mmoja. Unga wa mtu mmoja hauzunguki vizuri kwenye sufuria, mwiko unagonga pembeni. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Mwishowe nilipika ya watu wawili kama kawaida na nusu nikampa kuku. Nyumba ilikuwa na kelele ambazo sijawahi kuzisikia wewe ukiwepo: bati linavyojinyoosha jua likishuka, mbwa wa mbali. Nikaifungua mashini si kwa kazi, ila kuona kile kinguzo kikisogea. Kesho hata hicho hakitakuwepo. Nitazoea. Nina simu ndogo, na Shangazi ameahidi utanipigia Jumapili baada ya ibada, ukiwa umesimama mahali penye mtandao.

Baba akipiga siku moja, mwanangu, fanya hivi. Usianze na salamu za watu wote kama tulivyofanya. Usikimbie kuleta kitu cha kumwonyesha. Mwambie kwanza: "Tuko wazima, Masika yuko nyumbani Kasungami, niko kwa Shangazi." Maneno hayo matatu yafike. Kisha nyamaza umsikilize. Mguu wa mchungaji unaweza kusubiri.

Na usimwulize alitaka kumaliza vipi. Nimelifikiria hili sana. Pengine ameshasahau. Pengine lilikuwa jambo dogo, kwamba ufunge sweta, kwamba umtii dada yako. Mimi nimelibeba kama kwamba lilikuwa funguo, na wewe umelijaza na baiskeli na maji ya moto, na nadhani wewe ulikuwa na akili zaidi. Akilisema mwenyewe, vizuri, utaniambia Jumapili. Asiposema, basi endelea na mchezo wako. Huo ndio ulinitoa ukutani.

Kama hapigi, usikae mbele ya mashini hii mpaka macho yaume. Nilifanya hivyo mimi, miezi, na haikumleta. Ifungue mchana, uone, uifunge. Nenda ukacheze. Nenda ukapigane na watoto wa Shangazi. Uliza maswali darasani, kwa ile sauti yako ya juu ya benchi.

Mama Bijou anasema, "Hii ya mwisho, halafu umeisha!" Kwa hiyo na mimi nina msuko mmoja umebaki.

Kuna kitu sijawahi kukuambia, na ningeweza kukiruka tena kesho mlangoni, kwa hiyo nakiweka hapa. Siku ile kwenye mkeka niliogopa sana. Nilidhani wamenipa mzigo. Lakini ulipolala na muhogo shingoni kwangu, nikasikia unavyohema, na nilipowatazama wale wamama wote waliosimama nilikuwa na hofu nyingine mpya: kwamba watabadilisha mawazo, wakuchukue. Tangu hapo ndiyo hofu yangu. Kesho nitakuinua mwenyewe niku

Kidirisha kimefunguka. Kimesimama juu ya maneno yangu, hapa katikati, na nimekisogeza pembeni ili nimalizie. Thelathini. Utakiona na wewe siku moja, labda Baba akiwa anaongea, kwa hiyo usishtuke. Niliandika humo: KAVIRA, AGA KWANZA.

Nilikuwa nasema kwamba kesho nitakuinua mwenyewe nikuweke kwenye gari, na nitarudi nyuma, na sitasema kitu. Ujue ni kwa nini.

Nakusikia unakuja, unapiga kelele njia nzima, "Yaya! Yaya, angalia kichwa!" na kuku anakukimbia. Nakwenda kuangalia.

Kaa vizuri, mwanangu. Mlango uko wazi. Naizima mwenyewe, kwa mkono wangu, na betri iliyobaki humu ni ya Baba.

Yaya Masika